Shemeji ametualika hoteli ya ufukweni, mama mkwe hataki kukaa penye pombe

Mheshimiwa mshauri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mke na mama wa watoto watatu, ninaishi Fuoni, Unguja, na mume wangu ni mwalimu wa skuli ya serikali. Kaka yake mkubwa, ambaye ameishi Uingereza miaka mingi, anakuja mwezi wa Agosti pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Wamekwisha kulipia vyumba katika hoteli moja ya ufukweni upande wa Paje, na ametualika sote tukale huko chakula cha usiku, yaani sisi watano, wao wanne, na mama mkwe wangu.

Mama mkwe, ambaye ni mtu mzima aliyekwisha kuhiji, aliupokea mwaliko kwa furaha, kwa sababu ni muda mrefu hajawaona wanawe wawili wakila sahani moja. Siku chache baadaye jirani yake alimweleza kwamba hoteli zile huuza pombe na kwamba chupa hupitishwa mpaka mezani. Tangu siku hiyo amesema kwamba yeye hatatoka nyumbani, ila sisi twende na tule kwa amani. Mke wa shemeji alipopata habari hiyo alinipigia simu, akapendekeza tumwambie mama kwamba hoteli yao haiuzi pombe, kisha tumkalishe upande ambao hataiona baa. Shemeji naye ananiambia kwamba mimi ndiye ninayesikilizana na mama kuliko wote, kwa hiyo nimshawishi. Mume wangu amekaa kimya.

Kuna jambo jingine ambalo ninaona haya kulisema mbele ya shemeji. Katika mazungumzo alitaja kwamba gharama "tutagawana", na mimi sijui kama alikusudia nusu kwa nusu au alikuwa akizungumza tu. Mwaka jana tulikwenda kula katika hoteli nyingine, tukazuiwa getini kwa muda tukiulizwa tunakwenda kwa nani, na tulipokaa mhudumu alituuliza kama tunazijua bei zake kabla hajatupa menyu. Bili ilipokuja ilizidi hesabu yetu kwa kodi na ada ambazo hatukuwa tumeziona. Sipendi jambo hilo litukute tena mbele ya wageni.

Naomba uniambie: nimshawishi mama mkwe au nimwache? Na tukienda, tuulize nini kuhusu chakula na malipo? Mwisho, nisamehe kwa swali dogo, je, ni aibu kuomba chakula kilichobaki tufungiwe?

Ni mimi, mke wa mdogo mtu, Fuoni.

JAWABU

Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu.

Nianze na lile la kumdanganya bi mkubwa, kwa sababu hilo peke yake lingetosha kuiharibu siku nzima. Msimwambie kwamba hoteli haiuzi pombe. Mtu wa umri wake, aliyeyaamini maneno ya wanawe akavaa nguo yake nzuri na akasafiri mpaka Paje, akimwona mhudumu anapita na chupa ya mvinyo ndani ya ndoo ya barafu, hatamlaumu mhudumu huyo hata kidogo. Isitoshe, anayedhani kwamba mtu anaweza kukalishwa upande asioiona baa hajaitazama vizuri mikahawa ya hoteli za ufukweni ilivyojengwa: mingi ni mabanda makubwa ya makuti yaliyo wazi pande zote ili upepo upite, baa imewekwa katikati au mbele kabisa penye mandhari nzuri kuliko pote, na meza ya jirani iko karibu kiasi cha kuweza kusikia anachoagiza. Yule jirani aliyempa habari hakufanya fitna. Alimweleza jambo la kweli ambalo ninyi mlipaswa kumweleza siku ile ile mwaliko ulipofika.

Wala msimwone bi mkubwa kuwa ni mgumu. Iko hadithi iliyopokewa na Imamu Tirmidhi inayomkataza mwenye kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, na wazee wetu wengi wamelelewa juu ya hadithi hiyo. Wako wanaoifahamu kuwa inahusu meza ile anayokaa mtu mwenyewe na wenziwe, na wako wanaojiepusha na ukumbi mzima kwa kuchukua tahadhari. Mimi si shehe na sitaingia katika hukumu yake. Tena yeye mwenyewe hakuomba fatwa, ameeleza tu mpaka wake na akawaruhusu ninyi mwende. Huo ni uungwana.

Kwa hiyo usimshawishi. Sababu kubwa ni kwamba kazi hiyo si yako. Kusikilizana kwako na mama mkwe ni hazina uliyoijenga mwenyewe kwa miaka, na sioni kwa nini uitumie kwa jambo ambalo wanawe wawili wangeweza kulizungumza naye moja kwa moja, mmoja akiwa amekaa naye barazani na mwengine akiwa kwenye simu. Mwambie mume wako, kwa upole lakini bila ya kuzunguka, kwamba ukimya wake umekuacha wewe katikati ya mama yake na kaka yake. Waende wao, na wasiende kumbembeleza, bali kumuuliza ni kitu gani hasa kinachomtia uzito: kula chakula kilichopikwa katika jiko hilo, kukaa mahali ambapo wengine wanakunywa mbele yake, au kuingia tu ndani ya geti la hoteli ya namna ile. Haya ni mambo matatu mbalimbali, na kila moja lina dawa yake.

Ikiwa shida ni jiko, basi inaweza kuondolewa kwa kuuliza, na maswali yenyewe nitayataja baadaye kidogo. Ikiwa shida ni kuziona chupa, baadhi ya hoteli huweza kuandaa meza ya faragha, kwenye baraza ya pembeni au chini ya minazi mbali na ukumbi, na kumwagiza mhudumu asipite na kinywaji chochote cha kulevya upande huo. Shemeji yako, akiwa mgeni aliyelala hapo, ndiye mwenye nguvu ya kuliomba hilo, na aliombe kwa maandishi kabla ya siku yenyewe, kwa sababu meneja aliyeahidi kwa simu si lazima awe ndiye aliye zamu siku mtakapofika. Lakini ikiwa bi mkubwa hataki kuingia kabisa, hapo mjadala umekwisha na hoteli hiyo muiache.

Kuiacha hoteli si kuiacha shughuli. Nikiulizwa mimi, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, hata kama bi mkubwa angekubali nyingine. Shemeji yako anataka kula na mama yake kando ya bahari. Hoteli ni mahali alipopanga kulala tu. Katika ukanda ule wa Paje, Bwejuu na Jambiani ipo mikahawa midogo ya wenyeji, na miongoni mwayo imo isiyouza pombe, mtu anakaa karibu kabisa na mchanga na anakula pweza wa nazi, samaki wa kupaka na wali wa nazi uliopikwa na mikono inayoujua. Wao watoke hotelini kwa miguu au kwa gari, ninyi mtoke Fuoni, mkutane hapo. Sharti lake ni moja, nalo ni kuagiza mapema, ikiwezekana tangu siku iliyotangulia, na huku mkiuliza tena kwa uwazi kama hapo pombe haiuzwi wala wateja hawaruhusiwi kuja nayo. Pweza huchukua muda mrefu kulainika, na mpishi wa mkahawa mdogo hawezi kukaa na chakula cha watu kumi tayari bila ya kujua kwamba watakuja. Mkifika ghafla mtakaa mkisikilizana njaa, na watoto watakuwa wa kwanza kuudhika.

Sasa nizungumzie wakati, kwa sababu naona mwaliko wenu umewekwa usiku bila ya mtu kufikiri. Pwani ya Paje inatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na huzama nyuma yenu, upande wa bara, penye minazi na nyumba. Wanaotaka kulitazama likizama baharini huenda Kendwa, au huzunguka mpaka Michamvi Kae. Ikifika saa moja usiku, ambapo hoteli nyingi ndipo zinapofungua chakula cha usiku, bahari ya Paje ni kiza kitupu, na mtakuwa mmesafiri mwendo wa saa nzima au zaidi ili kula mbele ya kiza hicho, kisha mrudi usiku na mtu mzima na watoto wanaosinzia. Chagueni mchana. Sala ya Adhuhuri isaliwe kwanza, chakula kiwe saa saba na nusu au saa nane, na Alasiri iwakute mkiwa bado hapo, kwani misikiti haikosekani katika vijiji vile.

Mchana una faida nyingine kwa watoto, mkiipata siku nzuri. Mnajua namna bahari ya upande ule inavyokupwa mpaka mtu akatembea kwenye mchanga na majani akaufikia karibu mwamba. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji katika kisiwa chetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Mkienda siku kama hizo, asubuhi ndipo kina mama wa kijiji wanapokuwa mwambani wakitafuta pweza, na baada ya chakula watoto watayakuta maji yamekuja karibu ya kuoga. Maji mafu, wiki moja baadaye, mambo hugeuka na alasiri ndiyo inayokuwa kavu. Kwa hiyo kabla shemeji hajataja tarehe, itazameni kalenda ya mwezi. Na kwa kuwa Agosti ni msimu wa kusi, ombeni meza iliyo na kinga ya upepo na mchukulieni bi mkubwa mtandio mzito, maana upepo wa pwani ile hauheshimu umri wa mtu.

Lakini sitaficha kwamba mchana una kasoro yake mkienda hotelini. Usiku, hoteli nyingi huwataka wageni wavae nguo za heshima wanapoingia kula. Mchana, watu hutoka kwenye bwawa au baharini wakakaa mezani na nguo za kuogelea. Anayekimbia chupa za usiku anaweza kukutana na mapaja ya mchana. Hili nalo aambiwe bi mkubwa, na meza iombwe upande wa bustani, mbali na bwawa, naye akalishwe kwa namna ambayo uso wake utatazama bahari na wajukuu wake.

Ama maswali ya jiko, waulizeni kabla ya siku na muulize kwa mpishi au msimamizi wa mkahawa, si kwa kijana wa getini. Usiridhike na jibu kwamba "kila kitu ni halali", kwa sababu anayejibu hivyo mara nyingi anafikiria kuchinja tu. Nyama na kuku waulizwe wametoka wapi na nani amewachinja. Samaki hana shida ya kuchinjwa, na kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi pweza, ngisi na kamba ni chakula cha amani, ingawa kaa ana maneno kwa sababu anaishi nchi kavu na majini, na wengine hawamli. Shida ya samaki wa hotelini iko kwingine: huenda akachomwa juu ya wavu ule ule uliochomewa nguruwe asubuhi, au akakaangwa katika mafuta yaliyokaangia soseji zake. Na ziko sosi, hasa zile zinazomiminwa juu ya kamba na samaki wa kuchoma kwa mapishi ya Kizungu, ambazo hupikwa kwa mvinyo mweupe. Vitamutamu navyo visisahauliwe, kwa kuwa baadhi yake hutiwa pombe na vingine hugandishwa kwa jelatini isiyojulikana asili yake. Njia rahisi ni kuwaomba watayarishe samaki kwa sufuria na kikaango safi, apikwe kwa nazi, ndimu, kitunguu thomu na tangawizi, bila ya sosi ya aina yoyote, na mwisho mletewe matunda. Ombi hilo ni la kawaida katika visiwa vyetu, na mpishi anayelionea taabu ametoa jibu lililo wazi kuhusu jiko lake.

Bufee ningeiepuka kabisa. Vijiko huhama kutoka chombo hiki kwenda kile, mtoto huchukua asichokijua, na anayelipia kwa kichwa hulipia pia mama mtu mzima atakayekula vijiko vitatu vya wali.

Kuhusu fedha, maneno "tutagawana" hayafai kuachwa yaning'inie. Kwa desturi yetu aliyealika ndiye mwenye shughuli, na aliyealikwa huja na heshima yake na pengine na halua au ndizi za kupeleka. Lakini kaka yenu ameishi katika nchi ambayo watu hugawana bili hata wakiwa marafiki wa damu, na yawezekana alisema neno hilo bila ya kulipima. Mume wako amuulize yeye mwenyewe, ndugu kwa ndugu, wala wewe usiingie. Anaweza kumwambia hivi: "Kaka, tumeupokea mwaliko wako na tunakushukuru. Nimependa kujua mapema kama gharama ni yako au tunashirikiana, kwa sababu kama tunashirikiana nitakuomba tuchague mahali ambapo mshahara wangu unafika." Hakuna aibu ndani ya maneno hayo. Shida hutokea bili inapowekwa mezani na kila mmoja anamtazama mwenziwe mbele ya mama yao.

Mkilipa kwa pamoja, basi kiasi chenu kisiwe nusu kwa nusu bila ya kufikiri, kwa kuwa baadhi ya wageni wa hoteli huwa wamekwisha kulipia chakula pamoja na chumba. Shemeji aulize mapokezi kama mkataba wake una chakula cha mchana au cha usiku. Ikiwa vimo, familia yake haitadaiwa upya chakula kile kile, na bili itakayoletwa itakuwa ya watu sita tu. Hapo neno kugawana linabadilika sura kabisa, na pengine hata yeye hakulifikiria.

Bei yenyewe isomeni mpaka chini ya ukurasa. Zile kodi na ada zilizowakuta mwaka jana kwa kawaida huwa zimetajwa kwa maandishi madogo, kwamba bei haijajumuisha kodi ya ongezeko la thamani wala ada ya huduma. Tuseme, kwa mfano tu, sahani imeandikwa shilingi 40,000 na nyongeza hizo kwa pamoja zafika robo ya bei. Sahani ile ni shilingi 50,000, na kwa watu kumi mmeongeza 100,000 ambazo hakuna aliyezila. Bei ikiandikwa kwa dola, ulizeni mapema wanabadilisha kwa kiwango gani kwa anayelipa shilingi. Kambakochi na samaki mkubwa huuzwa kwa uzito, kwa hiyo mtakeni apimwe mbele yenu na bei yake itajwe kabla hajaingia jikoni. Na penye ada ya huduma ndani ya bili, bakshishi ni hiari yenu.

Getini, dawa ni jina. Shemeji aandikishe meza kwa jina lake na namba ya chumba chake, awape mapokezi idadi ya wageni wake na namba ya gari mtakayokuja nayo, na siku hiyo awe amesimama nje kuwapokea, si kuwasubiri mezani. Aulize vilevile kama wageni wasiolala hapo hulipia kiingilio na kama fedha hiyo hukatwa kwenye chakula, na kama watoto wenu wanaruhusiwa bwawani. Mlinzi anayewauliza mnakwenda kwa nani anafanya kazi aliyopewa. Yule mhudumu aliyewauliza kama mnazijua bei, huyo alikosa adabu, na mngekuwa na haki ya kumwita mkubwa wake. Ikitokea tena, mume wako aseme kwa sauti ya chini kwamba anaomba menyu, basi, na asijieleze.

Chakula kilichobaki hakina aibu yoyote, mwanangu, kwa kuwa mmekilipia. Kilichoagizwa kwenye menyu ombeni kifungwe. Cha bufee hoteli nyingi hazikubali kitoke, na hilo lisiwaudhi. Samaki na kamba msiwaache ndani ya gari lenye joto mpaka Fuoni mkiwa mnapita kwa jamaa njiani. Mkiwa na nia ya kumpitia mtu, basi chakula kile mwachieni yeye.